Jina Nililolitaja Mara Tatu

Solange mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana hali yako naiona. Tangu asubuhi unazunguka nyumba nzima ukicheka peke yako, na sasa umeenda kuwaaga shangazi zako kule chini. Utarudi umeshiba viazi vya nyumba tano. Nimekaa kwenye meza yangu ya kutengenezea radio, nimesukuma nyaya pembeni, nimepata nafasi ya daftari. Mambo ya sabuni, ya kujifunika baridi, ya kutokula njiani kitu cha mtu usiyemjua, mama yako amekwisha kukuambia, na kesho atakuambia tena mguu wako mmoja ukiwa tayari ndani ya gari. Hiyo ni serikali yake, mimi siingilii.

Ninachotaka kukuambia ni juu ya nyumba unayokwenda kulala. Unakwenda Butembo kusomea uuguzi, na utakaa kwa Mama Kavira, mjane wa Papa Kambale aliyekuwa na duka pale Bihambwe. Unajua ni yeye mwenyewe aliyekuita. Ulikuwepo alipotuma ujumbe: "Mutoto wa Papa Roki asitafute nyumba. Atalala na batoto yangu." Ulishangilia, mama yako akalia. Lakini hujui kwa nini mama yule anatupenda hivyo. Mama yako naye hajui. Ninayejua ni mimi, na nimekaa na neno hilo miaka sita.

Ngoja nianze nyuma kidogo. Usinune, najua unavyonuna nikianza nyuma.

Wewe ulipopata akili ulinikuta nimekwisha kutulia. Hukuiona Orkestra Baridi Moto ikiwa na watu kumi na mmoja na kamio lake la bluu la kubebea watu na vyombo. Tulipiga Sake, tukapiga Masisi na Walikale, tukashuka ziwani Shasha na Bweremana, watu wakala samaki na kucheza mpaka jua linatoka. Wenzangu walitaka rumba tu. Mimi nilikuwa nimeonja roki kwenye diski za fundi mmoja wa migodi kule Walikale, Mzungu mwenye ndevu aliyefungulia muziki wa kelele Jumapili nzima mpaka mbwa wake wakahama. Nikachukua vipande vya radio iliyokufa, nikajitengenezea kisanduku cha kupasua sauti ya gitaa. Nilipokikanyaga, wazee walishika masikio na vijana walipanda juu ya viti. Wakaniita Papa Roki wakati bado sijawa papa wa mtu yeyote. Ee, nilijisikia! Nisikudanganye, nilijisikia sana.

Siku uliyozaliwa nilikuwa Walikale. Habari ilinifikia baada ya majuma matatu. Badala ya kurudi nyumbani nilitunga wimbo wenye jina lako, watu wakapiga vigelegele, nikaona nimefanya kazi ya baba. Mama yako alikuwa hapa na mtoto mchanga, na kuni za kutafuta, na mvua. Niliporudi aliniuliza neno moja tu: "Ule wimbo ulimunyonyesha?" Nilicheka. Sikupaswa kucheka, na sijawahi kumwomba radhi kwa kile kicheko.

Halafu vita vikaingia mabarabarani. Kwanza barieri moja ya wenye bunduki kukatiza njia, halafu kila mlima ukawa na barieri yake, na kila barieri na wenyewe. Mara ya mwisho tulipotoka Walikale tulishushwa katikati ya pori. Walichukua kamio, mashine ya umeme, ngoma, hata viatu vya mpiga besi. Gitaa waliniachia kwa sababu mmoja wao alisema aliwahi kucheza muziki wangu akiwa mdogo. Tulitembea siku nne. Tulipofika Masisi kila mtu alishika njia yake, na pale njo ilikuwa mwisho wa safari za orkestra. Hata kwaheri hatukuambiana.

Watu walifikiri nitakufa kwa huzuni. Thubutu! Sijawahi kuwa na kazi kama niliyoipata baada ya pale. Wewe umekua ukiona: radio zimepangwa foleni mlangoni kama wagonjwa, Jumanne na Ijumaa kwaya ya misioni, Alhamisi kule radio ya mtaa kupiga gitaa chini ya matangazo ya chanjo na ya watoto waliopotea, Jumamosi ndoa, na siku yoyote ya Mungu, matanga. Padri alikuwa ananitania, "Papa Roki, sasa njo umeanza kazi." Sikukataa mwaliko hata mmoja. Nilifikiri ni roho nzuri. Kumbe nilipenda tu kuitwa, na tena nikikaa kimya nilikuwa nasikia firimbi ndani ya sikio.

Hilo sikio njo habari yenyewe. La kuume lilikufa zamani, kwa kusimama miaka yote mbele ya mabafle yanayonguruma. La kushoto linasikia nusu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unanichezea: "Papa, naweza kwenda kwa Nyota?" Naitika kwa kichwa. "Papa, nivunje sahani?" Naitika kwa kichwa. Ulicheka mpaka ukalala chini, ukafikiri ni mzaha wangu. Haukuwa mzaha, mwanangu. Niliona aibu. Nani atamwita mpiga gitaa kiziwi kwenye ndoa yake? Basi mtu akisema na mimi nilitazama uso wake. Akitabasamu, natabasamu. Akinyamaza kungoja jibu, naitika kwa kichwa. Miaka mingi niliishi kwa kuitika tu, na hakuna aliyejua.

Sasa Bihambwe.

Unajua kutupa libanga: mwimbaji anaacha maneno ya wimbo, anatupa jina la mtu aliye ukumbini pamoja na sifa yake, na yule mtu anasimama, anacheza, anakuja mbele kukubandika noti kwenye paji la uso. Zamani hiyo ilikuwa kazi ya mwimbaji wetu. Nilipobaki peke yangu na gitaa na bafle moja nikaichukua mimi, nikaona ni tamu kuliko gitaa lenyewe. Unataja jina la mtu, naye anakua mbele ya macho yako. Nawe unakua naye, na kwa nusu saa unasahau kwamba huna tena orkestra.

Ile ndoa ilikuwa ya binti wa mkulima mmoja wa pale. Siku zile mlima wa juu ulikuwa wa watu wa porini, na barabara ya chini ilikuwa ya wenye bunduki wengine. Watu wa Bihambwe walikuwa katikati, wanalima maharagwe yao na kusalimia pande zote mbili. Papa Kambale alikuwa Munande wa Butembo, Mkatoliki wa kweli, na duka lake lilikuwa karibu na soko: chumvi, sabuni, misumari, betri. Alikuwa pia na timu ya mpira. Kila mechi ikiisha aliwapikia wachezaji sufuria kubwa la maharagwe na wali, washinde ao washindwe. Nilimpenda mtu yule. Alikuwa ananiita kaka mbele ya wateja wake. Nikataka kumwinua mbele ya watu, bila yeye kuniomba.

Nikatupa: "Papa Kambale, mulisha vijana!"

Najua umekwisha kuelewa. Miaka ile hakuna aliyewataja wale wa porini kwa jina lao. Tulisema "vijana". Vijana wameshuka. Vijana wanaomba muhogo. Funga mlango, vijana wanapita. Neno lilikuwa limehama, kila mama sokoni alijua limehama, lakini mimi na kichwa changu cha orkestra nilikuwa bado nalo lile la zamani. Nilikuwa nasema vijana wa mpira. Ukumbi ukanyamaza kidogo. Nikadhani wanangoja nirudie, nikarudia, na kile kisanduku nikakikanyaga.

Papa Kambale akatoka kwenye kiti chake, akaja mbele ameinua mkono. Nikasema moyoni, huyu anakuja kunituza. Akainama kwenye sikio langu, la kuume, akasema maneno. Nikatabasamu. Nikaitika kwa kichwa. Akaniangalia, akashusha pumzi, akarudi kukaa. Yeye alijua nimeelewa. Mimi nikajua amefurahi. Nikatupa jina lake mara ya tatu, kwa sauti niliyokuwa nayo Walikale.

Mlangoni walikuwa wamesimama watu wanne wa barabara ya chini, na bunduki zao, wamekuja kula kama walivyokuwa wanakuja kula kwenye kila ndoa. Niliwaona vizuri. Niliwapigia hata salamu ya gitaa.

Siku ya tano walikwenda dukani wakauliza, "Iko wapi ule mwenye kulisha vijana?" Muuza nyanya wa pembeni alisikia yote. Papa Kambale aliwaambia ni timu ya mpira, akawatolea mpaka jezi. Wakamjibu, "Utaenda kueleza mukubwa." Hakurudi. Mwili wake haujaonekana mpaka leo ninapoandika.

Na unajua nani aliitwa kupiga gitaa kwenye matanga? Hakukuwa na kaburi. Waliweka picha moja na jezi moja juu ya meza. Mama Kavira alikuja akanishika mikono yote miwili. Nilikuwa nimejitayarisha kwa kofi. Mungu ananiona, nililitaka lile kofi. Akasema, na hili nililisikia kwa sababu alisimama upande wa kushoto: "Papa Roki, asante. Balinielezea uliimba jina yake mbele ya batu bote. Ile njo furaha yake ya mwisho."

Hakuwa kwenye ndoa, siku hiyo alikuwa Butembo kwa mama yake. Waliokuwepo hawakumwambia mengine, kwa huruma ao kwa woga. Na mimi nikaitika kwa kichwa.

Hiyo njo mara ninayoijutia kuliko zote, Solange. Ukumbini sikusikia. Pale nilisikia.

Baada ya matanga alichukua watoto akarudi kwao. Kila Noeli alitutumia salamu, na ule unga wa ngano wa Butembo mlioupenda nyinyi. Mimi nikaongeza kazi. Nikafundisha kwaya mbili badala ya moja, nikatengeneza radio za wakimbizi bure, nikaenda kwa miguu mpaka vijiji ambavyo padri mwenyewe haendi. Mama yako akasema nimekuwa mtakatifu uzeeni. Mtakatifu gani! Nilikuwa nakimbia tu. Na watu wakiniuliza kwa nini sitaji tena majina kwenye ndoa, nasema pafu limechoka. Sasa kitanda utakacholalia ni shukrani ya wimbo ule, na nimekuacha ufurahie bila kusema neno.

Sikuandikii nikufundishe kazi. Lakini utavaa nguo nyeupe, utakuwa na haraka, na mgonjwa husema kwa sauti ndogo. Usipomsikia, mwambie: sikusikia, rudia. Utaonekana mjinga kwa nusu dakika. Mimi niliiogopa ile nusu dakika, na mtu hayupo tena, na watoto wanne wamekua bila yeye.

Bado sijafika kwenye jambo lenyewe. Mwezi uliopita Mama Kavira aliomba kitu. Anajua kawaida yangu: kila ndoa nilikuwa naweka radio-kaseti mbele ya miguu yangu, nanasa muziki wote, baadaye nawapa wenye ndoa nakala. Akatuma kusema, "Kama kaseti ya Bihambwe iko, umupe mutoto ailete. Batoto basikie jina ya baba yao."

Kaseti ilikuwepo. Miaka sita sikuwahi kuigusa. Wiki jana nikaenda nayo radio, nikavaa vile vya kusikilizia masikioni, nikageuza sauti yote upande wa kushoto. Nikasikia gitaa. Nikajisikia mimi na upumbavu wangu, mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu ikaja sauti nyingine, karibu sana, maana alipoinama kwangu mikro ya ile radio-kaseti miguuni ilimeza na maneno yake. Nikasikia kwa mara ya kwanza kile nilichokuwa nimekiitikia.

"Kaka, acha jina yangu. Niko na batoto. Tafazali, kaka."

Hakukasirika. Hakupaza sauti. Aliniita kaka mara mbili.

Sitakuficha nilichofanya. Kule radio kuna mashine ya kaseti mbili. Nilikaa mchana mzima nikinakili: nikasimamisha pale anapokaribia, nikaendelea pale alipokwisha kurudi kwenye kiti. Ni kazi safi, hakuna atakayesikia kiungo. Nimewakatia matangazo miaka mingi, mkono wangu unaijua kazi hiyo. Ikatoka ndoa nzuri, jina la Papa Kambale, vigelegele, basi. Nikaifunga kwenye kitenge, nikaiweka ndani ya sanduku lako chini ya viatu. Siku mbili nilikuwa mwepesi, mama yako akaniuliza nimekunywa nini.

Jana alikuja mama mmoja aliyekimbia kutoka Walikale, na radio yake chini ya kwapa, kaseti imekwama ndani. Akaniambia, "Papa, usiikate, nakuomba. Mule ndani iko mutoto wangu, anacheka." Nilipomuuliza mtoto yuko wapi alitikisa kichwa tu. Nikatoa utepe kidogo kidogo kwa pini ya nywele, nikaunyoosha, nikamfungulia. Kicheko kilikuwa kifupi, kama mtu anapiga chafya. Yule mama akanishika goti, akanishukuru, akanishukuru tena, mpaka nikashindwa kukaa, nikatoka nje kusimama nyuma ya nyumba. Ulidhani nimeenda kutafuta kuku. Nilikuwa nalia.

Mama Kavira hana kaburi. Ana picha moja na jezi moja. Miaka sita hajasikia sauti ya mume wake, na sauti ile iko mahali pamoja tu duniani, maneno tisa, na mimi niliyakata kwa kidole changu ili aendelee kunipenda. Nilimnyamazisha mtu yule mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kiziwi. Mara ya pili sijui niseme nilikuwa nani.

Leo asubuhi, ulipokuwa bombani, nimefungua sanduku lako. Ile ya uongo nimeitoa na utepe wake nimeuchoma jikoni. Mama yako aliuliza harufu gani hiyo, nikamwambia kaseti mbovu. Nimeweka ile yenyewe, nzima. Kesho gari lako likikunja kona nitamkalisha mama yako chini nimwambie yote. Nitasimama upande ambao nitamsikia.

Najua ninachokufanyia wewe. Mama Kavira anaweza kukuambia uchukue sanduku lako utoke. Hatuna mtu mwingine Butembo. Utarudi hapa, mwaka wako utapotea, na utanitazama kila siku mezani. Akikufukuza, usinitetee. Usimwambie kwamba baba yako ni mzee, usimwambie habari ya sikio. Mwambie asante kwa salamu za Noeli, uje nyumbani. Na kama hutaki, kama unaona ni mzigo wangu na si wako, ni haki yako: gari litapita madaraja mengi, na ukiitupa ile kaseti mtoni sitakuuliza kamwe. Lakini ukiamua kumpa, mpe siku ileile, kabla hujafungua nguo zako. Asikulishe siku nyingi bila kujua.

Usikae naye kumtazama uso. Mwekee kaseti kwenye ile radio niliyokutengenezea, watoto watoke, nawe utoke, ufunge mlango. Mara ya kwanza atanisikia mimi na atanijua. Halafu atataka kuisikia tena ile sauti, na mara hiyo mimi sitakuwemo kabisa, atakuwa na mume wake tu. Kile kitufe cha kurudisha nyuma kinakwama kidogo. Kabla hujatoka, umuonyeshe namna ya kukibonyeza.

Papa yako